Rili ya kuvulia ufukweni kwa hela ndogo: kabla ya yote, angalia kama inafunguka

Haipiti wiki bila mtu kuniuliza, kaka nataka kuanza kuvua pale Coco Beach hapa Dar au ng'ambo Kigamboni, nina kama laki moja na nusu, ninunue rili gani, yani ile mashine ya kuviringia uzi kwenye fimbo. Nikijibu kwa mdomo nasahau nusu ya maneno, kwaiyo leo naandika yote, nlivyojifunza kwa miaka sita ya kusimama mchangani na kwa hela zangu mwenyewe zilizopotea.

Rili yangu ya kwanza nlinunua Kariakoo, 35,000. Kubwa, nyeusi, inang'aa, ubavuni imeandikwa 10000, namba ya ukubwa, na imekuja na uzi wake tayari umeshaviringwa. Muuzaji akaniambia "boss hii ina bering 12, hata papa unatoa", na mimi nikaamini kwa sababu sikua najua bering kwenye rili inafanya kazi gani, nliona tu 12 ni nyingi. Mwezi wa kwanza ilikua nzuri. Wa pili ikaanza kulia ukizungusha, sauti kama mtu anatafuna mchanga. Wa tatu ndio nikaenda nayo Mjimwema, Kigamboni, siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, na mnajua bamvua kwetu Dar maji yanajaa mida ya saa kumi na kitu jioni, yani ukitoka kazini mapema unayakuta yamesimama juu kabisa ndio yanaanza kufikiria kurudi. Nimeweka kipande cha ngisi, nimerusha, sijakaa hata dakika kumi fimbo ikalala. Kolekole. Nlimwona ubavu alipogeuka kwenye wimbi, mweupe kama sahani. Dragi, ile breki ya rili inayoachia uzi samaki akivuta, ikakataa kuachia, imeganda, afu ikaachia kwa mruko mmoja, ikaganda tena, uzi ukakatika.

Pembeni yangu kulikua na mzee anavua kwa mshipi wa mkono, tulishaamkiana tangu nafika. Akaja akashika ule uzi wangu uliobaki, akauvuta taratibu kutoka kwenye rili, akasikiliza unavyotoka kwa kukwama kwama, akaniambia "mwanangu, mkono wangu unajua mda wa kuachia, mashine yako haijui." Sijawahi kusoma popote maelezo ya dragi yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Usiku nikaifungua mezani juu ya gazeti. Skrubu mbili vichwa vikalika vikawa duara, bisibisi haishiki tena, nikazitoa kwa koleo. Ndani kulikua na unga mweupe wa chumvi umeshikana kwenye gia, grisi imekua ngumu rangi ya kahawia, bering nlizozihesabu ni tatu na zote zimeshika kutu, hizo nyingine zilikua vipete vya plastiki. Nikatoa vile vibamba vya dragi, vya kitambaa, vimekauka vimekua vigumu kama boksi la viatu. Kwaiyo kolekole alikuta rili imeshakufa zamani, chumvi ndio iliyoiua, tena ndani ya miezi mitatu.

Hapo ndio nikaelewa ununuzi wote wa rili ya bei ndogo uko wapi. Sisi wenye hela ndogo hatununui rili ambayo chumvi haiingii, hizo zipo, zina mipira ya kuzuia maji kila kona na bei yake ni ya pikipiki iliyotumika. Sisi rili yetu chumvi itaingia, hilo ni lazima. Swali ni je, ikiingia unaweza kuifungua ukaitoa? Rili ya 90,000 unayoifungua mwenyewe kila baada ya miezi miwili itaishi kuliko ya 250,000 ambayo hujawahi kuigusa ndani.

Kwaiyo ukiwa dukani kitu cha kwanza geuza rili, angalia skrubu. Zinaonekana? Ni za bisibisi ya kawaida? Afu fungua kile kifundo cha mbele juu ya spuli, ile sehemu inayobeba uzi, kinachokaza dragi, toa spuli yote, chungulia. Muuzaji wa kweli hatakukatalia. Ndani ya spuli kuna kijiwaya chembamba kimeshikilia vibamba vya dragi, ukikitoa vibamba vinatoka vyote. Vikiwa vya kaboni, vyeusi na vigumu, hapo umepata, vikiwa vya kitambaa kilicholowa mafuta sio vibaya sana ila ujue utavipaka grisi mara kwa mara. Kibamba kikiwa kimoja tu chembamba, rudisha. Na chukua yenye dragi ya mbele, achana na zile zenye kifundo nyuma, ni rahisi kushika lakini vibamba vyake ni vidogo na maji ya chumvi yanakaa humo.

Afu kuna rola. Hiki ni kile kigurudumu kidogo kwenye pembe ya baili, ule waya unaoufungua ukitaka kurusha, ambapo uzi unapita ukiwa unavuta. Watu hawakiangalii kabisa, na mimi nakwambia ndicho kinachokula nyuzi nyingi za watu hapa mjini. Kikiganda, uzi hauzunguki tena, unasugua. Pitisha uzi, hata kama ni uzi wa shati lako, uvute huku ukiangalia kama kigurudumu kinazunguka. Kwenye ile rili yangu ya 35,000 nlikuta mfereji umechimbika kwenye rola, unaweza kuuhisi kwa ukucha, na nailoni yangu mita 20 za mwisho zilikua zimechanika chanika kama nyuzi za katani. Nlikua nalaumu nailoni mda wote huo.

Bering, yule wa 12 asikutishe. Bering nne nzuri za chuma kisichoshika kutu haraka zinatosha kabisa, na ya muhimu kuliko zote ni ile inayozuia hendo, ule mkono wa kuzungushia, isirudi nyuma. Jaribu hivi: shika spuli, sukuma hendo kwa nyuma. Isicheze hata kidogo. Ikicheza nusu sentimita ukiwa dukani, baada ya mwezi itakua inagonga. Hendo yenyewe, nzuri ni ile inayojifunga kwa skrubu moja kwa moja kwenye gia kuliko ile ya kupitisha chuma chenye kona na kukaza upande wa pili, hiyo ya pili hulegea.

Mwili wa rili sasa. Kuna za alumini na kuna za plastiki ngumu ile wanaita grafaiti. Hapa wavuvi wanagombana. Mimi kwa hela ndogo nachukua grafaiti nene. Haishiki kutu, basi. Ukiminya kwa nguvu unaona inajikunja kidogo, na kwa samaki mkubwa sana hiyo ni shida kwa sababu gia zinasogea, lakini alumini ya bei rahisi rangi ikichubuka tu kwenye jiwe, chumvi inaanza kula kutoka hapo, inavimba kama kipele. Ukipata alumini yenye rangi nzuri kwa bei hiyohiyo chukua, sikatai.

Ukubwa ndio sehemu watu wanatupa hela bure. Anasoma mtandaoni mvuvi wa Afrika Kusini anarusha mita 120 kuvuka mawimbi, na yeye anataka rili ya 10000. Ndugu yangu, bahari yetu sio ile. Kuanzia Coco kupanda mpaka Kunduchi mawimbi mengi yanavunjika huko mbele kwenye miamba na visiwa, Bongoyo na Mbudya vinakukinga, na samaki wanaingia na maji yakijaa juu ya yale matambarare uliyokua unatembea juu yake asubuhi. Changu wangu wengi wamekula mita 30, 40 kutoka miguuni kwangu. Rili ya 4000 au 5000 inatosha sana. Ukienda upande wa Kimbiji ambako bahari iko wazi, na hasa wakati wa kusi upepo unapiga na mkondo unabeba risasi yako, ule uzito wa kuzamishia ndoana, hapo 6000 ina maana kwa sababu unahitaji risasi nzito na uzi mwingi. Zaidi ya hapo unabeba uzito tu, na mkono unachoka kabla maji hayajageuka. Ila ujue namba hizi hazifanani kiwanda na kiwanda, 6000 ya huyu inaweza kua kubwa kuliko 8000 ya yule, angalia uwezo wa spuli badala yake. Pale ubavuni utaona kitu kama 0.35/280, maana yake inabeba mita 280 za uzi wenye unene wa milimita 0.35. Ukiweka uzi wa 0.40 zitaingia kama mita 214, na kwa ufukwe wetu 200 zinatosha.

Jina la kiwanda? Penn, Daiwa, Shimano, Okuma, wote wana rili za chini kabisa za bei nafuu na faida yao kubwa kwangu ni kwamba vipuri na michoro ya ndani inapatikana mtandaoni, unajua kila skrubu inakaa wapi. Lakini laki moja na nusu mpya ya majina hayo ni ngumu, kwaiyo wengi tunaangukia iliyotumika, na mimi rili niliyo nayo sasa nlinunua hivyo, 110,000, kutoka kwa mtu aliyekua anahama. Sio kitu cha aibu. Iliyotumika kwenye maziwa huko, maji yasiyo na chumvi, ni dhahabu, iliyotumika baharini ifungue kwanza. Weka sikio kwenye rili uzungushe polepole sana, sio haraka, haraka inaficha. Ukisikia mkwaruzo unaorudi mahali palepale kila mzunguko, jino la gia limelika. Mkwaruzo wa kila mahali kidogo kidogo mara nyingi ni uchafu na grisi iliyokufa, huo unasafishika na unaweza kuutumia kupunguziwa bei. Fungua na kufunga baili mara kumi, wewe uchoke kabla springi yake haijachoka. Rili ambayo imeoshwa inang'aa nje lakini muuzaji hataki ufungue spuli, ondoka.

Zile rili za duara za kukaa juu ya fimbo, zinazozunguka spuli nzima, ni nzuri mno mikononi mwa anayejua, kwa anayeanza uzi unalipuka na kua kiota, jioni yote unafumua mafundo gizani. Ziache kwanza.

Na ule uzi unaokuja na rili, utoe wote. Nunua nailoni ya 0.35 au 0.40 inayoeleweka, jaza spuli mpaka ibaki milimita 2 au 3 kufika ukingoni. Ukiacha nafasi kubwa huwezi kurusha mbali, uzi unasugua ukingo, watu wanalaumu rili kumbe spuli haijajaa. Breidi, ule uzi wa kusukwa, ni nzuri ila miamba yetu ya matumbawe inaikata kama wembe, angalau mwanzo wake funga mita kadhaa za nailoni nene.

Dragi usiikaze kwa kukisia. Nailoni ya 0.40 nyingi zinakatikia kwenye kilo 10 hivi, sasa unataka dragi iachie kwenye robo mpaka theluthi ya hapo, yani kilo 3 sio mbaya. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zijaze, zifunge pamoja, hizo ni kilo 3. Funga uzi kwenye shingo za chupa, shika rili, nyanyua. Dragi ikiachia taratibu bila kushtuka shtuka huku chupa zikianza kuinuka, umepatia. Ikiachia kwa mikupuo, vibamba vinataka kusafishwa. Nafanya hivi kila kabla ya bamvua, inanichukua dakika tano, na ni kitu kimoja ningependa kila anayeanza akifanye leo leo kabla hajaenda kokote.

Ukirudi nyumbani usiku umechoka, najua, umepanda pantoni imejaa, una mchanga mpaka kwenye masikio, lakini usiilaze rili na chumvi. Kaza dragi kidogo ili maji yasiingie kwenye vibamba, imwagie maji baridi ya bomba taratibu kama unaosha mikono ya mtoto. Usitumie mpira wenye presha, unasukuma chumvi ndani, na usiizamishe kwenye ndoo. Futa, legeza dragi yote ili vibamba visigandamane, iache ikauke kivulini. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye rola na kwenye shina la hendo. Mafuta ya kupikia hapana kabisa, yanaganda kama gundi, nimeshafungua rili ya rafiki yangu iliyopakwa hayo na ilibidi tuloweke gia kwenye mafuta ya taa usiku kucha.

Kama una 150,000 mkononi wiki hii, mimi ningegawa hivi: rili isizidi 100,000, nailoni nzuri 25,000, kopo dogo la grisi isiyoondoka na maji kutoka kwa wauza vipuri vya injini za boti, chupa ya mafuta ya cherehani, bisibisi ndogo ya nyota. Inayobaki nunua risasi na ndoana, afu angalia mwezi. Ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, bamvua ipo, mida ya saa kumi jioni maji yatakua yamepanda, na mimi ntakua Mjimwema upande wa kushoto ukiangalia bahari. Njoo na rili yako na bisibisi, tutaifungua pamoja tukisubiri maji.