Maswali ya wasomaji: Tunapandia meli Galveston, paspoti hatuna, itakuwaje?

Habari za kazi dada, pole na majukumu. Sisi ni familia ya watu wanne tunakaa Houston, tulitokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma tukaletwa huku kama wakimbizi. Mwaka jana mimi nimekula kiapo nimekuwa raia wa Marekani, mama watoto bado ana grini kadi, kijana wetu ana miaka 15 alizaliwa kambini, na binti ana miaka 8 kazaliwa hapahapa Houston. Kazini kuna mwenzangu kaniambia kuna meli ya kitalii inatoka Galveston siku 5, inafika Cozumel na Progreso kule Meksiko alafu inarudi, na kwamba paspoti hamna haja, ni cheti cha kuzaliwa na kitambulisho basi. Nimeshalipa kianzio cha watu wote wanne, tunataka kwenda watoto wakifunga shule. Sasa mama watoto hana amani kabisa, anasema tutarudishwa bandarini mbele ya watu. Nani mkweli kati yao?
Baba wa wawili, Houston

Kaka yangu, kwanza hongera kwa kiapo, najua hiyo njia ilivyo ndefu kutoka Nyarugusu hadi siku ile ya kunyoosha mkono. Mwenzako wa kazini hajakudanganya, ila kakwambia habari ya nyumba yake, na mama watoto ana haki ya kukosa amani kwa sababu ndani ya nyumba yako kuna watu wanne na kila mmoja karatasi zake ni tofauti.

Iko hivi. Tangu tarehe 1 Juni 2009 raia wa Marekani anaporudi nchini kwa barabara au kwa bahari anatakiwa aonyeshe paspoti au karatasi nyingine inayokubalika badala yake. Wakaacha mlango mmoja, meli inayoanzia bandari ya Marekani ikazunguka na kumalizia bandari ileile, kama hiyo yenu ya Galveston kwenda na kurudi. Kwa meli ya namna hiyo raia anaruhusiwa kurudi akiwa na kitu kinachothibitisha uraia wake pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha, na mtoto wa chini ya miaka 16 hicho cha picha hadaiwi. Sasa neno la kushika hapo ni uraia. Watu wakisikia "cheti cha kuzaliwa" wanadhani ni cheti chochote cha kuzaliwa, kumbe kinachotakiwa ni cha kuzaliwa Marekani, manake hicho ndo kinasema huyu ni raia, cha Kigoma au cha Bukavu kinasema tu umezaliwa lini na wazazi wako ni nani.

Binti wa miaka 8 ndo mwepesi kuliko wote, cheti chake kinatosha, hata kopi yake inapokelewa kwa umri huo. Angalieni tu kiwe kile kilichotolewa na serikali ya jimbo au kaunti, kisiwe kile cha ukumbusho mlichopewa hospitali siku ya kumtoa mtoto chenye alama za nyayo zake, hicho ni cha kuweka kwenye albamu.

Wewe mwenyewe cheti cha kuzaliwa hakikusaidii, na grini kadi waliichukua siku ya kiapo, kwa hiyo ulichobaki nacho ni cheti cha uraia. Kwa sheria hicho pamoja na leseni ya udereva ya Texas vinakupitisha. Lakini kaka nakuomba usikipeleke baharini. Ni karatasi kubwa moja tu, haikunjwi, ikilowa au ikiibiwa kwenye begi pale ufukweni kuipata nyingine unajaza fomu N-565, unalipa mamia ya dola na unasubiri miezi. Ni bora uitumie hiyohiyo karatasi kuombea paspoti. Kuna paspoti kadi, ndogo saizi ya leseni, mtu mzima kwa mara ya kwanza ni dola 30 na dola 35 za kupokelewa maombi, inatumika kwa barabara na bahari kutokea Kanada, Meksiko, Bermuda na visiwa vya Karibiani. Ila kwenye ndege ya kimataifa haitumiki. Kitabu chenyewe cha paspoti ni dola 130 na hizohizo 35 na kinakaa miaka 10. Mimi nakushauri kitabu, na sababu yangu ni Cozumel. Ile ni kisiwa. Tuseme mmeshuka mmezungukazunguka mkachelewa meli ikaondoka, au mmoja wenu kaumwa kalazwa hospitali, kutoka pale kurudi Houston njia ya maana ni ndege, na ndege bila paspoti hupandi, itabidi mtafute ubalozi mdogo wa Marekani mkaombe paspoti ya dharura huku mnalipa hoteli. Ukiwa na paspoti kadi peke yake inabidi upande kivuko hadi Playa del Carmen alafu uanze safari ya barabara kupita karibu Meksiko nzima ukiwa na watoto. Kwa tofauti ya dola 100 mimi siwezi kumshauri mtu akubali hivyo.

Mama watoto. Huyu si raia kwa hiyo ule mlango wa cheti cha kuzaliwa haumhusu kabisa. Kurudi Marekani grini kadi yake ambayo haijaisha muda inamtosha, tatizo ni upande wa pili, Meksiko inawapokea wenye grini kadi bila viza lakini inataka wawe na paspoti ya nchi yao, na kampuni za meli ndo zinakagua pale mnapopanda kwa sababu wao hawataki kubeba mtu atakayekataliwa mbele. Mtu aliyekuja kama mkimbizi mara nyingi paspoti ya kwao hana, na kwenda kuiomba kwenye ubalozi wa nchi aliyoikimbia si jambo la kufanya bila kuongea na mwanasheria kwanza. Karatasi yake badala ya paspoti ni hati ya kusafiria ya mkimbizi, inaombwa kwa fomu I-131, na anatakiwa aombe akiwa bado yupo ndani ya Marekani. Inachukua miezi. Kabla ya kutoa hela nyingine yoyote andikia kampuni ya meli barua pepe, waambie mke wangu ana grini kadi na ataleta hati ya mkimbizi, je mnampandisha kwenye safari hii, na jibu lao mlitunze kwa maandishi, msikubali la simu.

Sasa kijana, na hapa ndipo nilipotaka kufika, kwa sababu familia nyingi zilizotoka makambini zinakwama kwa mtoto kama huyu. Siku ile ulipokula kiapo, kama kijana alikuwa hajafika miaka 18, ana grini kadi na anaishi na wewe kihalali, naye aligeuka raia palepale bila kujaza fomu yoyote. Hiyo sheria ipo tangu Februari 2001. Kwa hiyo kijana wako ni raia kama wewe ila mfukoni hana karatasi hata moja inayosema hivyo, cheti chake cha Tanzania hakisemi na grini kadi yake inasema jambo la zamani. Ukimpeleka bandarini na cheti cha Kigoma, atakayekagua ataona mtoto wa kigeni asiye na paspoti, na hapo kweli ndo yale anayoyaogopa mama yake. Muombee paspoti. Wa chini ya miaka 16 anaombewa na wazazi wote wawili mkiwepo pamoja naye, mnabeba cheti chako cha uraia, cheti chake cha kuzaliwa kinachoonyesha wewe ndo baba, na grini kadi yake. Ni dola 100 na 35, inakaa miaka 5. Akishafika 16 inakuwa ya mtu mzima, 130 na 35, miaka 10. Kuna pia cheti cha uraia cha mtoto kwa fomu N-600 lakini ni ghali mara nyingi zaidi na kinachelewa, anza na paspoti.

Na majina! Sisi watu wa makambi tunajua ilivyokuwa, jina la baba limewekwa mbele, jina la ukoo limeachwa, nusu ya ukoo mzima wamezaliwa tarehe 1 Januari. Tiketi ya meli iandikwe herufi kwa herufi kama ilivyo kwenye hiyo karatasi mtakayobeba. Kama kwenye cheti cha kijana jina lako limeandikwa tofauti na kwenye cheti chako cha uraia, shughulikieni hilo mapema, msingoje dirishani. Na kabla ya yote soma masharti ya kianzio chako, kampuni nyingi zinaruhusu kusogeza tarehe mkiwahi, na kwa hati ya mama watoto ilivyo naona mtahitaji kusogeza.

Dada mimi ni Mkenya niko Minneapolis, kesi yangu ya asailamu, yaani ya kuomba hifadhi, bado inasubiri, nina kibali cha kazi na leseni ya hapa. Marafiki zangu wanaenda Bahama kwa meli kutoka Miami kwa besidei ya mmoja wetu, wanasema meli inarudi Miami ileile kwa hiyo hakuna shida. Niende?

Mdogo wangu usiende. Nakuandikia hivi nikiwa sina mzaha hata kidogo. Anayesubiri asailamu akitoka Marekani bila kibali cha kutoka na kurudi kinachotolewa mapema na uhamiaji, kwa ileile fomu I-131, anahesabika ameitupa kesi yake mwenyewe. Meli kurudi Miami haikusaidii chochote, ukishafika Bahama umetoka nchini, na kibali cha kazi hakikurudishi wala leseni haikurudishi. Miaka yote uliyosubiri inaweza kuishia kwa wikiendi moja. Na hata ukikipata kibali, ongea na mwanasheria wako kwanza ndo uguse tiketi. Waambie marafiki besidei ifanyike kwenye boti za Mto Mississippi hapohapo mjini kwenu au Duluth kwenye Ziwa Superior, zile zinazozunguka bila kutoka nchini, wanaokupenda wataelewa.

Dada, nina leseni mpya ya Texas yenye nyota, mimi ni raia wa kuzaliwa hapa. Si inatosha peke yake kwenye meli?

Haitoshi. Nyota ni ya kupandia ndege za ndani, haisemi wewe ni raia, kwa sababu hata asiye raia anayekaa kihalali anapewa. Beba na cheti chako cha kuzaliwa. Leseni inayosema uraia ni ile ya aina ya juu yenye alama ya bendera, inatolewa Michigan, Minnesota, New York, Vermont na Washington, Texas haipo. Na kama umeolewa ukabadilisha jina, cheti kinasema la kwenu na leseni inasema la mume, weka na cheti cha ndoa kwenye hiyohiyo bahasha.