Kadi ya Memori Katika Kompyuta ya Muziki ya Gari

Anayejiundia kompyuta ya muziki garini huchagua kadi ya memori badala ya diski ngumu (hard disk) kwa sababu inayoeleweka: memori ya flashi haina sahani inayozunguka wala kichwa cha kusomea, kwa hiyo matuta na makorongo hayaidhuru. Kinachoiua kadi garini ni swichi ya gari lenyewe.

Ukizima gari, umeme wa waya wa ACC, yaani ule unaopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa tu, hukatika papo hapo, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja ambayo mfumo wake endeshi hukaa kwenye kadi hiyo, haipati nafasi ya kujizima kwa utaratibu. Iwapo wakati huo mfumo endeshi ulikuwa ukiandika chochote, hata mstari mmoja wa kumbukumbu za matukio, madhara yanaweza kuvuka faili hilo na kufikia mengine, kwa kuwa flashi hufutwa bloku nzima kwa mpigo, na chipu iliyomo ndani ya kadi huhamisha data za zamani kila inapotafuta nafasi. Unawasha gari asubuhi, na badala ya muziki unapata skrini nyeusi yenye mistari ya maandishi meupe.

Wapo wanaofunga betri ndogo ya akiba ili kompyuta ijizime taratibu. Ni njia nzuri, ila inaongeza kifaa kingine cha kuharibika kwa joto chini ya dashibodi. Mimi napendelea kuinyima kompyuta ruhusa ya kuandika. Katika raspi-config, programu ya mipangilio ya Raspberry Pi, kuna chaguo liitwalo Overlay File System. Ukiliwasha, kila kinachoandikwa huenda kwenye RAM (memori ya muda) na kupotea umeme unapokatika, huku kadi ikibaki kama ilivyokuwa. Nyimbo nimeziweka kwenye flashi ya USB iliyotengwa, ambayo katika faili la /etc/fstab, linaloorodhesha diski na jinsi ya kuziunganisha, imepewa alama ya ro, yaani isomwe tu.

Njia hii ina usumbufu wake. Programu ya MPD, inayopiga muziki, husahau wimbo uliokuwa ukipigwa, na kila unapoongeza nyimbo huna budi kuzima overlay, kusasisha orodha ya MPD, kisha kuiwasha tena. Kwangu hilo si tatizo, maana siongezi nyimbo kila wiki.

Kuhusu ukubwa, watu hununua kupita mahitaji. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban MB 2.4 kwa dakika, hivyo GB 64 hubeba zaidi ya nyimbo 6,000 za dakika nne nne.

La kuhofia zaidi ni kadi bandia, iliyoandikwa GB 128 ilhali ndani ina GB 8 tu: hupokea faili zote bila kulalamika, kumbe zilizozidi hazikuhifadhiwa popote. Kabla ya kuweka chochote, tumia programu ya F3, ambayo huijaza kadi kwa f3write kisha kuisoma yote kwa f3read. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa. Ikigundua upungufu, rudisha kadi dukani risiti ikiwa bado mkononi.