Inazima njiani, ukingoja inawaka: anza na kifuniko cha tangi

Kaka, kama hiyo pikipiki ya Boxer uliyoinunua mkononi mwa mtu inazima ukikaribia daraja la Nyali, kisha ukingoja kidogo inawaka, usikubali fundi akuuzie koili (kinacholeta umeme wa cheche ya plagi) mpya kwanza. Ikizima, fungua kifuniko cha tangi papo hapo. Ukisikia "fyuu" na ikawaka, tundu la hewa la kifuniko limeziba: hewa haiingii, petroli haishuki. Sindano yatosha kulizibua.

Si hilo? Mulika ndani ya tangi kwa tochi. Pikipiki ikilala nje huku pwani na tangi nusu, unyevu huu wa chumvi huila, na kutu huishia kwenye jeti, vile vitundu vya petroli ndani ya kabureta. Injini ikipoa, legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga petroli kwenye chupa isiyo na rangi. Ukiona chembe nyekundu zimetua chini, osha tangi kabla ya kabureta, la sivyo utaifungua tena karibuni.

Oili mwaga, hata muuzaji akiapa kaibadilisha jana. Na logbuku, hati ya umiliki, je, ishahamishwa jina NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya? Mimi ningelimaliza hilo kabla ya kugusa plagi.