Antena ya mteja wa kijijini: pima njia kwanza, ndipo ufungue pochi

Wiki hii nimepokea ujumbe wa msomaji aliye Muleba, mkoani Kagera. Ana mnara wa mita 18 kilimani, sekta moja (antena ya mnarani inayomulika upande mmoja) ya gigahezi 5 yenye upana wa nyuzi 90, na wateja 14 wanaosubiri kuunganishwa na intaneti. Swali lake lilikuwa fupi: “Fundi, nitajie antena moja ya bei nafuu niagize zote kwa mkupuo.”

Antena hiyo haipo, ndugu yangu. Anayekuuzia aina moja kwa wateja wote anakuuzia malalamiko. Najua mtaji unabana na kununua kwa jumla kunashusha bei, lakini soma kwanza kabla hujatuma hela.

Antena iliyo juu ya bati la mteja haimhusu yeye peke yake. Redio ya mnarani huhudumia wateja kwa zamu, wote wakila muda uleule wa hewani. Chukua redio za kiwango cha Wi-Fi cha 802.11n kwenye chaneli ya megahezi 20: mteja anayesikika vizuri huenda kwa megabiti 130 kwa sekunde, na anayesikika kwa taabu huangukia 6.5. Hiyo ni mara 20. Faili ambalo jirani yake analivuta kwa sekunde moja, akilivuta yeye litaishika sekta sekunde 20, na wengine 13 wanangoja. Ipo mifumo inayogawa muda sawasawa ili mmoja asiwaburuze wenzake, lakini hapo anayeumia ni yeye, na atakupigia simu kila jioni akidai kifurushi alicholipia. Kwa hiyo unapookoa shilingi elfu hamsini kwenye dishi la mteja mmoja, gharama yake wanailipa wote.

Sasa hesabu, na ni nyepesi. Kwa gigahezi 5.8, hewa tupu isiyo na kizuizi hupoteza karibu desibeli (kipimo cha kupanda na kushuka kwa ishara) 108 katika kilomita ya kwanza, na kila umbali unapozidishwa mara mbili unapoteza 6 zaidi. Kilomita 2 ni 114, kilomita 5 ni 122, kilomita 8 ni 126. Tuseme mnara wako, nguvu ya redio na antena vikijumlishwa, unatoa dBm 36, dBm ikiwa kipimo cha nguvu ya ishara. Toa upotevu wa njia, ongeza dBi za antena ya mteja, yaani uwezo wake wa kukusanya ishara upande mmoja, na unapata kinachomfikia. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo ishara ilivyo kali: hasi 60 ni bora kuliko hasi 70.

Antena ndogo ya bapa ya dBi 13, kama NanoStation 5AC Loco ya Ubiquiti, katika kilomita 1.5 itapata karibu hasi 62. Dishi la dBi 23, kama LiteBeam 5AC Gen2 ya Ubiquiti haohao, litapata hasi 63 hivi katika kilomita 5. Dishi la dBi 27, kama LHG XL 5 ya MikroTik, litapata hiyohiyo hasi 63 katika kilomita 8. Hapo ndipo ninapotaka kila mteja awe: hasi 65 au bora zaidi, baada ya kuacha desibeli 2 au 3 za mvua, vumbi na ulengaji usiokamilika. Ukimwekea mteja wa kilomita 5 ile ndogo ya dBi 13, atapata hasi 73. Itawaka, taa zitaonyesha, utapiga picha na kuondoka. Usiku kelele za hewani zikiongezeka, kasi inaporomoka.

Usidanganywe na maneno ya boksini. “Kilomita 10 na zaidi” mara nyingi ni umbali wa kifaa hicho kikiwa kimetazamana na mwenzake wa aina ileile, njia nyeupe kabisa. Sekta yako ya nyuzi 90 si dishi, wala haisikii kama dishi.

Dishi lina faida ya pili ambayo haiandikwi kwenye bei: linasikia upande mmoja tu. Antena ya dBi 13 husikia karibu nyuzi 45, pamoja na redio za shule, za zahanati na za mshindani wako wa kilima cha pili. Dishi la dBi 23 husikia takriban nyuzi 10. Ndiyo maana mimi nikilazimishwa kutaja antena moja ya kuanzia kijijini nitataja dishi la dBi 23 hadi 25, na zile ndogo ziwe za nyumba zilizo chini ya mnara tu. Kwa aliye karibu mno ukaweka dishi, punguza nguvu ya kurusha; ishara kali kupita hasi 40 nayo inachafua mapokezi. Na kabla ya kupandisha nguvu popote, soma kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au za CA, mamlaka ya mawasiliano, ukiwa Kenya, kwa sababu kikomo kinahesabiwa kwa jumla ya redio na antena. Dishi kubwa linaweza kukuvusha kikomo hicho bila wewe kugusa chochote.

Halafu miti. Hapa ndipo mafundi wengi wa Kagera, Kisii na mwambao wanapoanguka, kwa sababu wanaangalia mnara kwa macho, wakiuona wanasema njia ipo. Mawimbi hayapiti kama uzi. Yananenepa katikati. Kwa kilomita 5 kwenye gigahezi 5.8, katikati ya njia unahitaji karibu mita 5 za uwazi chini ya mstari wa macho. Mita 100 tu kutoka kwa mteja bado unahitaji kama mita 1.4. Migomba ya uani inayogusa mstari huo tayari inakula ishara, na mvua ikinyesha majani yakalowa inakula zaidi. Mwembe mmoja mnene unaweza kumeza desibeli 10 hadi 20, maana yake dishi la dBi 27 linageuka kuwa sawa na antena ndogo ya bapa. Hakuna dishi la kushinda mwembe. Ongeza bomba, hamia pembe nyingine ya nyumba, au pitia kwa jirani mwenye nafasi. Ukiona mikaratusi michanga njiani, hesabu na kimo chake cha miaka mitatu ijayo. Kwenye udongo mzuri huongeza mita 2 na zaidi kwa mwaka.

Wengine hukimbilia gigahezi 2.4 wakisema inapenya. Inapenya kidogo zaidi, ni kweli, lakini kwa kilomita zilezile 5 inadai uwazi wa mita 7.5 katikati, na ruta za majumbani zote ziko hukohuko. Na tafadhali, usiagize redio za megahezi 900 kwa kuwa umesoma Wamarekani wakizisifu kwa miti. Kwao masafa ya 902 hadi 928 ni huru. Kwetu sehemu kubwa ya hapo ni ya simu za mkononi. Utawazimia majirani simu, na utafikiwa na wakaguzi wakiwa na haki yao.

Ziwa nalo lina vituko. Njia inayopita juu ya maji, kama ya kwenda kisiwani, hupata mawimbi mawili: la moja kwa moja na lililodunda kwenye maji. Yakikutana vibaya yanafutana, asubuhi kuzuri, mchana kubaya. Kabla hujalaumu dishi, lishushe au lipandishe nusu mita nusu mita kwenye bomba, ukisoma namba kila hatua.

Kabla ya kulipa, hakikisha dishi linaongea lugha ya mnara. Kwa kugawa zamu za hewani, Ubiquiti wana mfumo wao wa airMAX, MikroTik wana wao wa Nv2. Huwezi kuchanganya; hata pale redio ya mnara inapokubali kurudishwa kwenye Wi-Fi ya kawaida, wateja wasiosikiana wataanza kugongana hewani. Mnara ndio unaochagua chapa.

Kisha umeme, ambao kijijini mara nyingi ni wa sola. Dishi la wati 7 likiwaka siku nzima linakula wati-saa 168, yaani amperi-saa 14 za betri ya volti 12. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo tenga 28 kwa antena peke yake, ruta bado. LHG hukubali volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. LiteBeam inataka 24, na utahitaji kipandisha volti. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayonifanya nimshauri mwenye mtandao wa nyumba za sola afikirie chapa ya mnara kabla hata hajausimamisha.

Kebo usiiamini kwa kuandikwa. Kata kipande, kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa; inapoteza volti zaidi na kukatika kwenye plagi. Nje tumia kebo nyeusi ya kuhimili jua, na kabla haijaingia ndani iache ining'inie kitanzi chini ya tundu la ukuta ili maji yadondokee hapo. Kifuniko cha tundu la kebo kwenye redio kifungwe na kitazame chini, la sivyo sisimizi wanahamia humo. Kwa radi, kinga ya kebo isiyo na waya mnene kwenda kwenye fimbo ya shaba ardhini ni pambo. Mfundishe mwenye nyumba kuchomoa adapta na kebo yake mara wingu linapoanza kunguruma.

Ulengaji ndio unaoamua kama dishi ulilolipia utalipata. Piga hesabu ya namba unayotarajia ukiwa bado chini. Juu, lenga kwa dira, kisha zungusha polepole upite kilele kwa nyuzi 30 kila upande. Utaona kilele kikubwa na vilele vidogo pembeni. Fundi mwenye haraka hufunga kwenye kilele kidogo kwa sababu kushoto na kulia namba zinashuka, akidhani amefika, kumbe ameacha desibeli 15 juu ya bati. Ukitofautiana na hesabu kwa zaidi ya 5, bado hujamaliza. Fuata mwinamo wa juu na chini kwa namna ileile. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, ukiangalia namba, maana kukaza nako kunalisogeza. Bomba refu kupita mita 4 lifungwe waya tatu za kulivuta, zigawane duara sawasawa, kwa kuwa dishi la dBi 27 halivumilii bomba linalocheza na upepo.

Kwa hiyo, rafiki wa Muleba, usiagize bado. Nenda kwenye kila nyumba, chukua alama ya ramani kwa simu, panda ngazi hadi kimo cha dishi, piga picha kuelekea mnarani. Wapange wateja 14 kwa umbali: chini ya kilomita 1.5, hadi 5, hadi 8. Aliye mbali zaidi ya hapo mwambie asubiri mnara wa pili, hata kama ana fedha mkononi. Agiza kwa makundi hayo, na ongeza dishi moja la akiba la kati.

Ukimaliza kufunga, andika namba za pande zote mbili za mawimbi, wima na mlalo, kwenye daftari na kwa kalamu isiyofutika kwenye adapta ya mteja. Zisipishane kwa zaidi ya 3. Akipiga simu baada ya miezi minne, mwambie akusomee hizo, wewe fungua redio yake ulinganishe. Zote mbili zikishuka pamoja, ni mti au bomba, beba panga na spana. Ukishuka upande mmoja tu, redio imeumia, huenda ni radi au maji, beba dishi la akiba.