Mbwa jike wa kilo 8 kwa dume la kilo 35?

Mkuu wa Nzuguni, unasema daktari wa mifugo amekataa jike wako wa kilo 8 apandwe na German Shepherd wa jirani, mwenye kilo 35, na jirani anamcheka daktari: "mbwa huzaa wenyewe." Mimi niko na daktari. Jirani naye ana kaukweli kidogo, maana tumbo la mama hubana ukuaji wa watoto, hasa wakiwa wengi. Balaa ni mimba ya mtoto mmoja au wawili. Hao hunenepa, kichwa kinakwama kwenye nyonga, na hapo ni upasuaji. Saa nane usiku hapo Dodoma utamwamsha nani?

Kama ameshapandwa (majike hutoroka, nayajua hayo), mimba ni siku 63 hivi. Baada ya siku ya 55 apigwe eksirei, watoto wahesabiwe. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu, au ute wa kijani ukitangulia mtoto wa kwanza, mkimbize kwa daktari. Sindano ya kuongeza uchungu wa kuzaa, ya kubahatisha, usikubali: mtoto akiwa amekwama, kizazi kinaweza kupasuka.

Unapenda mbegu ya dume lile? Tafuta jike mkubwa.