Glaikoliki au Salisiliki? Geuza Chupa Usome Nyuma

SWALI: Aunti shikamoo. Nina miaka 24, naishi Tabata. Uso wangu una mafuta hasa puani na kwenye paji, natoka vichunusi vidogovidogo na vikipona vinaacha madoa meusi. Nilinunua tona ya glaikoliki asidi asilimia 7, rafiki yangu akanipa seramu ya salisiliki asidi asilimia 2, na kila asubuhi nasugua na skrabu ya maganda ya walnut. Sasa uso unawaka, unang'aa ila ukiugusa mkavu. Hiyo ya 7 si ndo kali kuliko ya 2? Nibaki na ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa vyote vitatu weka kabatini, wiki mbili au zaidi mpaka uso utulie, osha na sabuni laini ya uso, paka losheni isiyo na manukato na mchana sanskrini (krimu ya kukinga jua), basi. Huo mng'ao na ukavu kwa pamoja ni dalili kwamba tabaka la juu la ngozi limechoka, na sisi wenye ngozi nyeusi hapo ndo panapotuumiza, maana ngozi yetu ikichokozwa tu inajibu kwa doa, yaani unasugua kutoa madoa huku unaongeza mengine.

Sasa kwenye hizo asilimia. Huwezi kulinganisha 7 ya asidi moja na 2 ya asidi nyingine, hazifanyi kazi sehemu moja. Glaikoliki iko kundi la AHA (alfa haidroksi asidi, zile zinazofanya kazi juu ya ngozi), inayeyuka kwenye maji na molekuli yake ndo ndogo kuliko wenzake wote wa kundi hilo kwa hiyo inaingia haraka, inalegeza kile kinachoshikilia seli zilizokufa juu ya ngozi zikaachia. Salisiliki ni BHA (beta haidroksi asidi), yenyewe inapenda mafuta, inaingia mpaka ndani ya kitundu cha ngozi palipoziba na kuyeyusha ule uchafu unaozaa chunusi. Na hiyo 2 usiione ndogo, Ulaya kwa bidhaa ya kupaka usoni ndo mwisho unaoruhusiwa! Glaikoliki kwa matumizi ya nyumbani jopo la wataalamu wa vipodozi la Marekani lilisema isizidi asilimia 10 na pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikishuka ndo ukali unapanda) isishuke chini ya 3.5. Kwa hiyo zako zote mbili tayari ziko karibu na juu, halafu unazipaka kwa pamoja na kusugua juu yake.

Kwa ngozi ya mafuta na chunusi kama yako mimi ningekuambia baki na salisiliki, usiku mara mbili kwa wiki, ukiona ngozi imekubali ongeza ya tatu. Kama aspirini inakudhuru au una mimba, muulize daktari kwanza. Madoa yape muda, ngozi ya kijana inajibadilisha kwa kama wiki nne hivyo kuhukumu bidhaa baada ya siku tano ni kuionea. Baadaye ukitaka kitu cha madoa, badala ya kurudia glaikoliki tafuta mandeliki au laktiki, nazo ni asidi za kundi hilohilo la AHA. Mandeliki molekuli yake ni kubwa karibu mara mbili ya glaikoliki, inaingia polepole, na ngozi nyeusi nyingi zinaivumilia vizuri zaidi. Na AHA yoyote inafanya ngozi iungue na jua kirahisi, hata wiki nzima baada ya kuacha, kwa hiyo bila sanskrini jua la Dar litakurudishia madoa yote.

Hiyo skrabu ya walnut mpe mtu asugulie visigino.

Kitu kingine nataka wasomaji wote mkishike, jinsi ya kusoma ile orodha ya nyuma. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, ila vikishafika chini ya asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga anavyotaka. Tafuta fenoksietanoli, ile ya kuzuia bidhaa isioze, ambayo kwa kawaida haizidi asilimia 1. Ukikuta asidi iliyotangazwa kwa maandishi makubwa mbele imeandikwa baada ya hiyo fenoksietanoli, ujue ni ya kunusia, unalipia jina. Kuweni makini pia na mbadala: dondoo la miwa sio sawa na glaikoliki iliyopimwa, gome la mti wa willow sio salisiliki, na sodiamu laktati kazi yake kubwa ni kuvuta unyevu. Sio mbaya, ila usizinunue kwa bei ya asidi.

SWALI: Nipo Mombasa, naolewa karibuni. Somo yangu anataka singo, shangazi anasema ndimu na sukari usoni inatosha. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize somo yako mwanangu. Singo iliyosagwa laini, ya asumini, waridi na liwa, ikilowekwa na maji ya waridi inafaa sana mwilini, mradi isisuguliwe kwa nguvu na isipite penye kidonda. Ndimu usoni hapana. pH yake ni kama 2 wakati ngozi yako iko kwenye 5 hivi, na ndimu ina kemikali ambazo zikikutana na jua zinaunguza na kuacha weusi wa miezi. Sukari peke yake na mafuta ya nazi sugua magoti na viwiko, inayeyuka yenyewe.

SWALI: Nanyonyesha, nipo Mwanza. Natumia krimu ya kopo ya kuchubua, haina orodha ya viambato lakini inang'arisha kweli. Ina shida?

JIBU: Mama, ina shida kubwa. Krimu inayong'arisha haraka bila kusema ina nini mara nyingi ni zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi, na hizo mbili za mwanzo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya. Huko sio kuondoa seli zilizokufa, hizo zinazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Zebaki inaharibu figo, na mtoto anaweza kuipata kwa kugusana tu na ngozi yako, kwenye shuka, hata kwenye maziwa. Acha leo, osha mikono na mito ya kulalia, na nenda kamwone daktari wa ngozi wiki hiihii kwa sababu kama ina steroidi uso unaweza kulipuka ukiacha ghafla. Nenda na kopo lenyewe mkononi na umwambie umelitumia tangu lini.