Kwanza viatu

Mhariri, mmeuliza: mgeni anayefika Milano mara ya kwanza avae nini asionekane wa kuja? Nimelisoma swali hili chai iko jikoni, hata ikafurika. Avae atakacho, ataonekana wa kuja tu. Kinachoumbua si gauni.

Mimi nilikwenda Februari 2019, kumtembelea dada. Kusikia ni mji wa mitindo, nikashona gauni la kitenge kwa fundi wangu hapa Tanga, na Kariakoo nikanunua viatu vya visigino virefu. Dada aliviona akaguna. Yeye na miaka yake yote kule alikuwa na raba.

Tukashukia kituo cha Duomo, nikaliona lile kanisa la marumaru lililoanza kujengwa mwaka 1386. Halafu pembeni yake Galleria Vittorio Emanuele II, jumba la maduka lenye paa la kioo, na pale sakafuni pana fahali wa vigae. Watu wanapanga foleni kumkanyaga sehemu za siri, unazunguka kwa kisigino, eti bahati. Wamezunguka hadi pamechimbika shimo. Nami nikazunguka. Mzunguko wa pili kisigino kikanasa kwenye shimo, nikasikia ka! Nikabaki nimesimama kama korongo, Wajapani wawili wananipigia picha.

Nikachechemea hadi meza ya kwanza niliyoiona, nikaketi. Dada alikuja mbio, "Usikae hapo!", kumbe nimeshaagiza. Kahawa funda mbili, yuro 6. Nikachungulia ndani: fundi rangi na ovaroli lake, kando yake mama wa koti la manyoya, wote wamesimama kaunta wanainywa hiyo hiyo kwa yuro moja na senti kidogo. Vikombe vile vile vya muuza kahawa wetu wa Ngamiani, uchungu ule ule, kashata tu hakuna. Ukikaa, unalipia kiti. Nani aliwatazama nguo wale?

Nilitaka niishie hapo, kwamba nguo si kitu. Lakini haki nayo isemwe. Kwenye tramu ya kurudi, zile kuukuu za mabenchi ya mbao, bibi mmoja alinishika pindo la kitenge, akaligeuza kutazama mshono kwa ndani, akasema "bella", yaani nzuri. Hakutazama miguuni, bahati yangu.

Basi, mhariri: raba. Juu yake gauni lako zuri, na sweta kama ni Februari. Visigino viacheni nyumbani, labda kama mtakwenda kwa teksi tu. Changu kimoja kizima bado ninacho, sijui namsubiri nani.